Safari ya Kufika Ibara ya Ishirini na Nne

Kitendawili!

Msinitazame tu, semeni "tega". Haya. Nyumba yangu ina vyumba mia na ishirini, wenyewe twalala barazani.

Mmekwama? Wewe umesema mzinga wa nyuki, na wewe huko nyuma umesema gereza. Hapana. Nipeni mji. Basi mji mlionipa nimeuingia, nimekula wali wa watu nikashiba, na sasa nawapa jibu: ni Katiba.

Si Katiba yetu, wajukuu zangu, Mungu apishe mbali. Yetu haina neno. Nasema Katiba ya nchi moja ya mbali, ambayo jina lake silitaji kwa sababu limeandikwa katika Ibara yao ya Kwanza, na wenyewe wamelisikia mpaka limewachosha.

Katiba hiyo ilikuwa nzuri, atakayesema haikuwa nzuri ana husuda. Mbele ilikuwa na utangulizi, katikati sura kumi na mbili zenye ibara mia na ishirini, na mkiani majedwali matatu: la viapo, la mipaka, na la sheria za zamani zilizozikwa. Utangulizi wake ndio uliokuwa ukiwaliza watu. "Sisi wananchi," ulisema, "tunajiwekea Katiba hii ili mwenye nguvu awe na ua wa kumzuia, na asiye na nguvu awe na paa la kumsitiri." Hilo ndilo lilikuwa lengo lake, limeandikwa kwa herufi za kulala. Waliolitunga walilia. Mpiga chapa alilia, ikabidi ukurasa ule upigwe upya.

Sasa walioiandika walijua kwamba wengi wa wenzao hawasomi. Wakasema, tusije tukawatungia watu sheria wasizozisikia. Wakaongeza mstari mmoja mwishoni mwa utangulizi: hakuna ibara itakayoanza kutumika mpaka isomwe kwa sauti mbele ya wananchi, neno kwa neno, kuanzia mwanzo, katika kikao kimoja. Nia yao ilikuwa njema. Lakini nia njema ni maziwa mabichi, asipopatikana wa kuyachemsha mapema yanaganda.

Ikatengwa Siku ya Kisomo, mara moja kila mwaka. Mwaka wa kwanza, msomaji alikuwa amefika Ibara ya Tatu, Spika akaingia anahema. "Nimepitwa na nini?" akauliza. Kwa adabu tu, msomaji akaanza upya. Mwaka wa pili ile adabu ikawa desturi. Mwaka wa tatu desturi ikaandikwa, ikaitwa Kanuni ya Itifaki Namba Moja: Mheshimiwa akiingia ukumbini, kisomo kinaanza upya, ili asipunjwe haki yake ya kusikia.

Ungekuwa wewe mkubwa wa nchi ile, ungewahi? Aliyewahi alikaa kimya kama mtu wa kawaida. Aliyechelewa alisimamishiwa nchi nzima, Katiba ikarudishwa nyuma kwa ajili yake. Basi kuchelewa kukawa ndicho cheo chenyewe. Mkuu wa wilaya alichelewa saa moja, mkuu wa mkoa saa mbili, naibu waziri alikunywa chai kwanza, waziri kamili alilala kwanza. Mtukufu Rais alifika wa mwisho kabisa, saa kumi na moja jioni, akahutubia juu ya umuhimu wa Katiba hadi saa kumi na mbili, bendera ikashushwa, watu wakaenda nyumbani.

Miaka thelathini na moja ikapita hivyo. Mbali walikowahi kufika ni Ibara ya Tisa, mwaka ule wa mafuriko, daraja lilipochukuliwa na maji na wakubwa wengi wakabaki ng'ambo. Ya Kwanza, jina la nchi. Ya Pili, bendera na wimbo. Ya Tatu, kutakuwa na Rais. Ya Nne, mamlaka yake. Ya Tano, hashitakiwi. Ya Sita, nyumba yake. Ya Saba, msafara wake. Ya Nane, wananchi watalipa kodi. Ya Tisa, wananchi watatii. Hizo tisa zilifuatwa kwa bidii, wala hakuna awezaye kusema nchi ile haikuheshimu Katiba. Uchaguzi nao ulikuwepo, Ibara ya Arobaini na Moja. Mtukufu kila mwaka alikuwa akiusikitikia hotubani. "Ndugu wananchi," alisema, "hakuna mtu anayeutamani uchaguzi kama mimi. Lakini haujasomwa. Mnataka nivunje Katiba?" Watu wakapiga makofi, maana kwa kweli hawakutaka aivunje.

*

Mkabala na Ukumbi wa Kisomo, ng'ambo ya barabara, aliishi mfinyanzi mmoja, Bi Siwatu. Alikuwa mjane, mwanamke wa kimo kifupi na mikono mikubwa. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na nyuma yake palikuwa na joko la kuchomea vyungu na shimo la udongo alilochimba mama yake kabla yake. Udongo ule haukupatikana penginepo mjini. Mtu akimwambia "Bi Siwatu, si uhamie kwa dada yako mlimani?" humjibu, "Huko mlimani nitafinyanga nini, mawe?"

Siku nane kabla ya Kisomo aliamka akakuta ukutani pamepigwa alama ya X nyekundu, kubwa, ya kuanzia dirishani hadi chini. Akajifunga kitenge chake cha kutokea, akaenda ofisi ya ardhi.

Afisa mwenyewe, Bwana Msabaha, alikuwa kijana mwenye adabu. Alisimama kidogo, akaketi tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba yangu imepigwa X."

"Hongera sana."

"Hongera ya nini tena?"

"Umechaguliwa, mama! Hapo kwako panajengwa Maegesho ya Magari ya Waheshimiwa wa Kisomo. Mheshimiwa Kilumanga, Waziri wetu wa Ardhi, ameuona mpango huu ndotoni." Bwana Msabaha akavuta kiti mbele. "Nikueleze taratibu. Katiba haisongi mbele kwa nini? Kwa sababu wakubwa wanachelewa. Wanachelewa kwa nini? Kwa sababu hawana pa kuegesha. Ukiondoka wewe, wataegesha. Wakiegesha watawahi. Wakiwahi, kisomo kitakwenda hadi Ibara ya Ishirini na Nne. Na Ibara ya Ishirini na Nne, mama, ni tamu kama halua. Inasema nyumba ya mtu haivunjwi mpaka mwenyewe asikilizwe, na apewe kwanza nyumba nyingine mahali anapoweza kufanya kazi yake."

"Kumbe ipo."

"Ipo! Kwa hiyo usituelewe vibaya. Tunaivunja nyumba yako ili ulindwe."

Bi Siwatu akafikiri. Alikuwa na darasa la saba, na darasa la saba la zamani lilikuwa darasa. "Sasa si mnilinde kwanza, halafu ndiyo mvunje?"

"Haijasomwa," akasema Bwana Msabaha kwa huzuni ya kweli.

Akafungua kabati, akatoa kitabu chenye jalada la dhahabu, akaweka kidole pale pale. Bi Siwatu akainama, akaanza kwa sauti kama alivyofundishwa shuleni: "Nyumba ya m-"

"Kimoyomoyo, mama!" Bwana Msabaha akamziba mdomo kwa faili. "Unataka tufungwe? Kuitamka ibara bila kibali ni uchochezi. Soma kwa macho."

Akaisoma kwa macho. Ilikuwa mistari mitatu tu. Aliisoma mara mbili, kama mtu anayetazama picha ya mwanawe aliye mbali.

"Katapila linakuja lini?"

"Jumatano, siku moja baada ya Kisomo. Hatuwezi kuvunja nyumba ya mtu Siku ya Katiba, mama. Sisi si washenzi."

*

Jioni ile Mwalimu Ngwali alipita nyumbani kwa Bi Siwatu. Mwalimu huyu ndiye aliyekuwa Msomaji wa Taifa tangu mwaka wa kwanza, mzee mwembamba mwenye sauti ambayo ungedhani ameiazima kwa mtu mnene. Kila mwezi alikuja kununua mtungi, akidai maji ya mitungi ya Bi Siwatu hulainisha koo.

"Mwalimu, kutoka mwanzo mpaka Ishirini na Nne ni mwendo wa saa ngapi?"

Mwalimu hakuuliza kwa nini. Alikuwa ameiona X. "Saa moja na robo, nisipokatizwa. Na ukiacha mwaka wa mafuriko, sijawahi kupata zaidi ya robo saa bila mkubwa kuingia. Ibara ya Kwanza naiota, Bi Siwatu. Juzi nilimwombea dua maiti makaburini, nikaanza na 'Jina la nchi litakuwa'."

"Na hiyo Ishirini na Nne unaijua?"

"Naijua kama mtu anavyomjua mkwewe. Kwa mbali, na kwa heshima."

"Hebu niambie. Hawa waheshimiwa wanapofika, nani huingia wa kwanza?"

"Mdogo wao. Anayeingia wa kwanza, Bwana Itifaki humtangaza kwenye kipaza sauti: 'Mheshimiwa wa kwanza kufika!' Na redio inapeleka nchi nzima. Ni aibu isiyooshwa. Mwaka juzi Naibu Waziri wa Mifugo saa yake ilikuwa mbovu, akawa wa kwanza. Tangu siku ile hata mbuzi hawakumpisha. Sasa ni balozi."

"Wapi?"

"Bado hawajamwambia."

Bi Siwatu akacheka mpaka akashika ubavu, halafu akageuka akaitazama barabara, kicheko kikiwa bado usoni. "Mwalimu, hawa watu hawachelewi."

"Bi Siwatu, nina miaka thelathini na moja-"

"Hawachelewi, wanangojeana. Mimi nakaa hapa barabarani, nawaona kila mwaka. Magari yao yamejaa vichochoroni tangu asubuhi, mashine zinanguruma, kila dereva anachungulia mwenzake ametoka au bado. Wakikaa humo, mmoja njaa inamshinda, au joto, anaingia. Akiingia mmoja, wanafuatana kama siafu, mmoja mmoja, kila mtu na robo saa yake. Sasa je, wakipata mahali pazuri pa kungojeana?"

Mwalimu Ngwali akauweka mtungi chini polepole.

*

Wanawake wa mtaa wale walikuwa watu wa maneno mengi, lakini siku ile hawakuyatumia. Jirani yake, Mama Tausi, alileta kuku sita. "Usinishukuru," akasema, "nyumba yangu ni ya tatu kutoka kwako, na magari ya wakubwa huzaana." Mwingine akaleta mchele, mwingine turubai la harusi, mwingine nazi na ndugu zake watatu wa kuzikuna. Bi Siwatu akatoa vyungu vipya kumi na viwili, ambavyo havikuwa vimeona moto wa jikoni, akafagia uwanja wake wote hadi ukutani, chini ya ile X.

Wakamwomba Mwalimu Ngwali awaandikie kibao kwa mwandiko wake wa serikali. Akaandika:

MAPUMZIKO YA WAHESHIMIWA AMBAO BADO HAWAJAFIKA

Kibao kikatundikwa langoni Jumanne alfajiri, Siku ya Kisomo.

Saa tatu kamili Mwalimu akafungua kitabu. Ukumbi ulikuwa umejaa wananchi hadi madirishani, na mbele kulikuwa na viti sitini vya kitambaa chekundu, kila kimoja kina jina, vyote vitupu. Bwana Itifaki alikuwa ameketi mezani kwake na kengele yake ya shaba. Nje, vipaza sauti vinne vilining'inia kwenye nguzo.

Ng'ambo ya barabara, gari la kwanza lilitoa pua kichochoroni, likaona kibao, likasita. Mtu wa ndani aliteremsha kioo. Harufu ya kuku wa chungu ikaingia.

"Hapa ni kwa ajili ya nani?" akauliza mkuu wa wilaya.

"Ni kwa wale ambao hawajafika, baba," akasema Mama Tausi.

"Mimi sijafika," akasema mkuu wa wilaya, akateremka.

Ilipotimia saa tatu na nusu turubai lilikuwa na wakuu wa wilaya kumi na mmoja, wakuu wa mikoa wanne na manaibu wasio na idadi. Mawaziri nao, walipopata habari kwamba kuna mahali watu wanachelewa kwa raha, wakaona si vizuri kuchelewa kuchelewa. Waziri wa Maji akaja, akapewa paja. Waziri wa Ardhi, Mheshimiwa Kilumanga, akaja, akaketi akiegemea ukuta wenye X, akasifu uwanja. "Magari themanini," akamwambia mwenzake huku akipima kwa macho. "Ukiondoa hiki kibanda, themanini na sita." Bi Siwatu mwenyewe ndiye aliyekuwa akimnawisha mikono. Alimmiminia maji hadi tone la mwisho, akampa taulo, akavuka barabara kwenda ukumbini, akasimama karibu na mlango.

Na huku nyuma yake, wajukuu zangu, hapajapata kuonekana unyenyekevu kama ule.

"Mheshimiwa, tangulia tu," alisema Waziri wa Maji.

"Hapana, kaka, tangulia wewe. Siwezi kukutangulia mtu mwenye mvi zako."

"Mvi si kitu. Mwanamume ni moyo. Tangulia."

"Mimi nimalizie mfupa huu."

"Na mimi mchuzi."

Mtukufu Rais naye, habari zilipomfikia, alikuwa njiani mapema mwaka ule. Lakini Mtukufu huingia wa mwisho, na atakuwaje wa mwisho pahali ambapo wa kwanza hajaingia? Msafara ukaambiwa uzunguke mji. Ukazunguka. Ukaambiwa uzunguke tena.

*

Ukumbini, Mwalimu Ngwali alipomaliza Ibara ya Tisa alinyamaza. Baada ya Tisa hakuna aliyewahi kusikia mbele kuna nini. Wazee wengine waliamini ni kurasa tupu. Mwalimu akalamba kidole, akafunua. Ule ukurasa ulilia, maana haukuwa umefunuliwa hadharani tangu upigwe chapa.

"Ibara ya Kumi. Rais ni mtumishi wa wananchi."

"Amesema nani?" akauliza mzee mmoja wa safu ya tatu.

"Wewe," akajibu Mwalimu. "Wewe na wenzako. Imo kwenye utangulizi." Akaendelea.

Na kumbukeni, ibara ikishasomwa hapo hapo inaanza kazi. Ibara ya Kumi na Mbili ilisema afisa hataketi mwananchi akiwa amesimama. Bwana Itifaki akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona akina mama wamesimama kwenye kuta zote, akainuka. Magoti yake yalilia kuliko ule ukurasa. Ibara ya Kumi na Nane ilisema mtu hatashikwa bila kuambiwa kosa lake. Pale mlangoni polisi wawili walikuwa wamemshika kijana mmoja mkanda wa suruali tangu asubuhi. Wakatazamana.

"Kosa lake ni nini?" mmoja akamnong'oneza mwenzake.

"Si wewe uliyemshika?"

"Mimi nilikukuta umemshika."

Wakamwachia. Kijana hakukimbia hata. Alibaki pale pale anaipanga suruali yake, anataka kusikia inayofuata.

Sura ya Pili ikaisha. Sura ya Tatu ikaanza, Haki za Raia, na Bi Siwatu akaanza kuhesabu kwa vidole ndani ya kitenge. Ishirini. Mama mmoja akapiga kigelegele, akanyamazishwa. Ishirini na Moja. Miguu ya Bi Siwatu ilikuwa imekufa ganzi. Alikuwa akisikia ng'ambo, kupitia mlango ulio wazi, vicheko vya waheshimiwa na milio ya vifuniko vya vyungu, na kila kicheko kilipokatika alidhani wameinuka. Ishirini na Mbili.

Ndipo huko ng'ambo Mheshimiwa Kilumanga alipoacha kutafuna.

Wenzake wote walikuwa wakisikia vipaza sauti kama mtu anavyosikia mvua ya kwa jirani. Yeye peke yake ndiye aliyezijua namba, kwa sababu ndiye aliyetafuta ni ibara gani ingeweza kumsumbua, na alilala usingizi mnono alipoambiwa ni ya Ishirini na Nne. Akasimama. Kiti kikaanguka. "Nakwenda kunawa," akasema, akavuka barabara mbio, mkono wa kulia una mafuta hadi kiwikoni.

"Ibara ya Ishirini na Tatu," ikasema sauti ya Mwalimu Ngwali angani, bila haraka, mpaka ikamaliza.

Mheshimiwa Kilumanga akafika mlangoni. Kiatu cha kulia kikakanyaga sakafu ya ukumbi. Cha kushoto kilikuwa bado kizingitini.

Mwalimu Ngwali alikuwa amekwisha kufunua ukurasa, na kidole chake kilikuwa juu ya ile mistari mitatu. Akamwona. Akasita, akingoja kengele. Bwana Itifaki, aliyekuwa amesimama, akashika kengele yake ya shaba, akaiinua. Kengele ile ikilia, ni kurudi "Jina la nchi litakuwa". Na Bwana Itifaki alikuwa mtu wa kanuni. Alikuwa tayari kuipiga hata kwa ajili ya shetani, mradi awe na cheo. Lakini kanuni ile ile ilimtaka aulize kwanza. Akasogeza kipaza sauti.

"Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, nikutangaze? Umeingia, au hujaingia?"

Kilumanga alifungua mdomo. Halafu akatazama mbele, akaviona vile viti. Sitini. Vyekundu. Vitupu.

"Nani yuko ndani?" akanong'ona.

"Wananchi, Mheshimiwa."

"Sikuulizi hao. Nani yuko ndani?"

"Hamna mtu, Mheshimiwa."

"Ninaweza kukisimamisha kisomo bila kuingia?"

"Kanuni inasema akiingia. Asiyeingia hayupo."

"Na nikiingia, halafu nikatoka upesi?"

Bwana Itifaki akafikiri kwa uaminifu. "Nitakutangaza wa kwanza kuingia, halafu nitakutangaza wa kwanza kutoka."

Nje, waheshimiwa walikuwa wamegundua. Wakajazana kwenye lango la Bi Siwatu, chini ya kile kibao, wengine na vyungu mikononi, nyuso zao zinang'aa kwa mafuta na furaha. Waziri wa Maji akaweka viganja mdomoni.

"Ingia, mdogo wangu! Ingia tu! Sisi kaka zako tunakuja baadaye!"

"Mtunzie Naibu wangu kiti!" akapiga kelele mwingine. "Yeye bado sana!"

"Na huko ubalozini utusalimie!"

Turubai zima likacheka. Redio ya nchi nzima ilikuwa kimya, inasubiri. Mtangazaji hakujua aseme nini, akawa anapumua tu.

Bi Siwatu alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya bega la mtu huyu. Aliiona, na ile X, na moshi mwembamba wa joko. Alijua kwamba akimsukuma atafungwa, na kwamba akimsihi atafurahi, na mkubwa akifurahi huingia popote. Akaenda hadi kwenye vile viti vyekundu. Akakiinua kile kiti cha mbele kabisa, kilichoandikwa KILUMANGA, akakibeba hadi mlangoni, akakifuta vumbi kwa ncha ya kitenge, akakiweka.

"Karibu, mwanangu," akamwambia kwa sauti ya upole, sauti ya mama anayekaribisha mkwe, na kipaza sauti kikaibeba. "Usisimame mlangoni kama mgeni. Ingia ukae. Hapana mwingine aliyekuja, utachagua unapopenda. Wewe ndiwe wa kwanza."

Kilumanga akakitazama kiti. Akamtazama Bi Siwatu, na sijui kama alimkumbuka kuwa ndiye aliyemnawisha. Wakubwa hukumbuka maji, si mikono. Akageuza shingo akalitazama lango, na zile nyuso, na meno ya Waziri wa Maji. Akatazama kidole cha Mwalimu Ngwali. Magari themanini na sita yalipita machoni pake, moja moja, yakiwa yameoshwa.

"Mheshimiwa," akasema Bwana Itifaki, mkono unaanza kumchoka, "nauliza kwa mara ya mwisho. Umeingia, au hujaingia?"

Mheshimiwa Kilumanga akaushusha uso, akautazama mguu wake wa kulia uliokuwa sakafuni kana kwamba ni mguu wa mtu mwingine aliyempita njiani. Akaurudisha nje, taratibu, kisigino kwanza. Akanyoosha koti. Halafu akainama kwenye kipaza sauti, na nchi nzima, kuanzia mtu wa safu ya tatu hadi Mtukufu aliyekuwa akizunguka mji mara ya tisa, ikamsikia akisema:

"Sijaingia."